Rotaveta hailimi, inatifua

"Shamba la hei nimelilima kwa rotaveta, nyasi zote za zamani nimezifukia." Sentensi hiyo, ya mwenye shamba la hei (nyasi za kukausha kwa ajili ya mifugo), ina makosa mawili, na la pili limezaliwa na la kwanza. Rotaveta haikulima, na nyasi hazikufukiwa. Zimekatwakatwa na kuchanganywa na udongo. Kama ni za kutambaa, zimepandwa upya, tena kwa wingi kuliko zilivyokuwa.

Maana yenyewe haina urefu. Rotaveta ni mashine inayofungwa nyuma ya trekta kwa pointi tatu (mikono mitatu ya kuunganishia) na kuzungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta. Chini ya bati lake kuna mhimili uliolala, umepangwa visu vya umbo la L. Visu hukata udongo na kuurusha nyuma, ukagonga bati la mkia na kusagika. Kazi yake iko kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu, na kwenye udongo mgumu hata hizo 15 hazifiki. Basi.

Utata unaanzia kwenye kitenzi. Kulima ni neno pana mno: mwenye jembe analima, mwenye plau analima, na mwenye ekari mbili za pamba analima pamba hata kama mwaka huu hajagusa udongo kwa mkono wake. Neno la upana huo haliwezi kukueleza mashine ilifanya nini. Ndiyo maana lugha ya shamba ikaweka vitenzi vingine. Kukatua ni kazi ya plau: inakata mkanda wa udongo na kuupindua, majani yakalala chini na mizizi ikatazama juu. Kuburuga ni kazi ya haro: mabonge yaliyoachwa na plau yanavunjwa. Kutifua ni kuulegeza udongo papo hapo ulipo, usigeuzwe, mpaka uwe laini.

Kutifua lina ndugu zake. Tifu ni vumbi laini, ndiyo maana kundi la ng'ombe likipita njia kavu tunasema linatifua vumbi. Udongo tifutifu nao unatoka ukoo huohuo, na hapo pana mtego wa pili. Watu wakisikia tifua na tifutifu hudhani rotaveta inatengeneza udongo tifutifu. Haitengenezi. Udongo tifutifu ni aina ya udongo, yaani mchanganyiko wa mchanga, silti (chembe laini kuliko mchanga) na mfinyanzi kwa uwiano unaofaa, na uwiano huo haubadiliki kwa kisu. Mfinyanzi uliopigwa rotaveta mara tatu ni mfinyanzi uliosagwa. Mvua ya kwanza kubwa ikishuka, uso unaganda kama sakafu, na mbegu ndogo za nyasi zinashindwa kuupasua. Neno lenyewe lilishatuonya: ukizidisha kutifua unapata tifu.

Jina la mashine nalo halikuwahi kudai kuwa ni plau. Lilianza kama jina la bidhaa, Rotavator, likiunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la kuzunguka na moja la kutimua udongo. Mvumbuzi wake, Arthur Clifford Howard wa Australia, alianza majaribio mwaka 1912 kwenye shamba la baba yake huko Gilgandra, New South Wales. Visu vyake vya mwanzo viliurusha udongo pembeni, na kilichoponya kasoro hiyo ni kisu cha umbo la L, kilekile tunachokibadilisha leo kikiisha makali. Kwa herufi za asili jina hilo husomeka sawa ukianzia mwanzo au mwisho. Sisi tulipoliandika rotaveta tuliupoteza mchezo huo, si hasara kubwa.

Sasa tuone kwa nini tofauti hii inauma kwenye shamba dogo la hei lililochoka. Shamba la namna hiyo mara nyingi limeshavamiwa na sangari, ukoka au ndago. Sangari na ukoka huishi kwa mashina yanayotambaa, na kila pingili inaweza kuchipua. Ukikatua kwa plau, sehemu kubwa inalala chini na kukosa mwanga. Ukipitisha rotaveta, shina moja la nusu mita linakuwa vipande kumi, vyote karibu na uso, vyote kwenye kitanda laini. Wiki tatu baadaye mwenye shamba analaumu mbegu alizonunua.

Kwa hiyo nyasi za zamani zinamalizwa kabla. Njia moja ni glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Shamba linakatwa, linaachwa lichipue mpaka majani yafike sentimita 15 hadi 20 na yawe yanakua kwa nguvu, ndipo linapigwa dawa, kisha linasubiriwa wiki mbili bila kuguswa ili dawa ishuke mpaka kwenye mizizi. Ukitifua siku ya tatu umekata njia ya dawa. Njia nyingine, kwa asiyetaka dawa, ni kiangazi: unapita juujuu, sentimita 5 tu, mashina yaanikwe na jua, unasubiri machipukizi mapya yafike urefu wa kidole, unapita tena. Mara tatu au nne humchosha sangari. Ndago ina viazi vyake chini na haichoki upesi hivyo.

Kupita kwa mara ya kwanza kuwe kwa kina kifupi hata kama nyasi zimekufa. Zulia la mizizi ni gumu, na ukishusha sentimita 15 kwa mkupuo mmoja mashine inarukaruka, klachi inateleza au boliti ya usalama inakatika. Kina hupangwa kwa viatu vya pembeni (vyuma vinavyoteleza juu ya udongo kandokando ya mashine), usikikadirie kwa mkono wa haidroliki. Pita sentimita 5, acha siku 10 hadi 14 zulia lioze kidogo, kisha pita kwa kukatisha mkondo wa kwanza kwa sentimita 10. Palipo na mteremko usikatishe: njia zote zifuate kontua, yaani mstari wa kimo kimoja usiopanda wala kushuka, ukitaka udongo wako ubaki kwako. Chokaa, kama kipimo cha udongo kimesema inahitajika, imwagwe kabla ya kupita huku kwa pili, kwa sababu kuchanganya ndiko rotaveta inakoishinda plau.

Mwendo nao una hesabu. PTO ikiwa mizunguko 540 kwa dakika, mhimili wa visu huzunguka kama mara 200, kutegemea gia. Trekta ikienda kilomita 3 kwa saa, inasogea mita 50 kwa dakika, yaani sentimita 25 kila mzunguko. Visu vitatu kwenye mstari mmoja vinagawana hizo, kila kimoja kinakata kama sentimita 8. Ongeza mwendo mpaka kilomita 6 na kila kisu kinabeba 16: mabonge. Kwa rotaveta ya mita 1.5 mwendo wa kilomita 3 unakupa mita za mraba 4,500 kwa saa kabla ya kutoa muda wa kugeuza. Zaidi kidogo ya ekari, na hakuna ujanja wa kuharakisha.

Unyevu upimwe kwa mkono. Finya udongo, kisha ubonyeze kwa kidole gumba: ukimeguka, ingia, ukibonyea kama unga wa chapati, rudi nyumbani. Kwenye udongo mbichi mgongo wa kisu cha L unapaka na kusugua chini ya kina chake, na huko hujengeka tabaka gumu ambalo mizizi na maji havipiti. Rotaveta haiwezi kuliona tabaka hilo, sembuse kulivunja.

Shamba la hei lina adui mwingine ambaye shamba la mahindi halina: kamba za marobota. Zinajiviringisha kwenye mhimili, zinasogea mpaka kwenye bering, zinakata sili, oili inavuja, bering inakufa. Okota kamba na waya kabla ya kuingia. Zikijiviringisha, zima PTO, zima injini, toa ufunguo, ndipo ushuke. Na kila unapofika mwisho wa mstari, inua mashine kwanza halafu ugeuze, lakini usiinue juu sana shafti ikiwa inazunguka, viungo vyake havipendi pembe kali.

Baada ya hapo udongo umelegea kupita kiasi. Hilo ni tendo la kutifua likiwa limefanikiwa, na mbegu ya nyasi hailitaki. Inataka kitanda kigumu, kwa kuwa inakaa nusu hadi sentimita moja tu chini. Pitisha rola mpaka kisigino cha buti kisizame zaidi ya sentimita moja, mwaga mbegu, pitisha rola tena. Wanaoruka rola ndio ambao mwaka wa kwanza wa kukata hei trekta inaacha mitaro ya magurudumu. Na kama shamba lilikuwa la luseni (alfalfa), usirudishie luseni papo hapo: mimea ya zamani huacha kemikali zinazodumaza miche ya aina yake.

Hayo yote kwa shamba ambalo kweli limekwisha. Ambalo zaidi ya nusu ya mimea yake ni ile unayoitaka halihitaji kutifuliwa kabisa. Chokaa, mbolea na mbegu za kuongezea zinatosha.

Kwa hiyo mtu akikwambia amelima kwa rotaveta, usimsute. Muulize tu zile nyasi za zamani alizimaliza kwa njia gani kabla hajaingia.