Dawa inayotengenezwa na ngozi yenyewe: maswali kuhusu peptidi, majipu na vidonda vya usaha

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka minne mwenye jipu kiunoni. Juu yake palikuwa na unga wa njano ulioganda na usaha: alifungua kapsuli ya antibiotiki ya rangi mbili, akanyunyizia, kama alivyofanya mama yake zamani. Kaka wa mtoto, kijana wa sekondari, alikuwa amesoma kwenye simu kwamba wanasayansi wamepata dawa kwenye ngozi ya chura inayoua bakteria sugu. Akaniuliza inauzwa wapi. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani, na nimeliweka hapa pamoja na mengine ninayoulizwa mara kwa mara.

Peptidi ni nini?

Ni mnyororo mfupi wa amino asidi, yaani vile vitu vidogo vinavyojenga protini. Wenye kisukari wanaijua peptidi moja vizuri sana: insulini. Ziko nyingine ambazo kazi yake ni kuua vijidudu, na unazo mwilini sasa hivi. Seli za ngozi yako hutengeneza defensini, na nyingine iitwayo LL-37 kwa sababu ina amino asidi 37. Jasho lina dermisidini, ambayo watafiti wa Ujerumani waliitangaza mwaka 2001. Ukijikata kisu jikoni, seli za kandokando ya kidonda huanza kutoa peptidi hizi kwa wingi, na chembe nyeupe za damu zinapofika huongeza zake.

Zinauaje bakteria bila kutuua sisi?

Bakteria amefunikwa na utando mwembamba, na upande wake wa nje una chaji hasi. Peptidi nyingi za aina hii zina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa na kunata pale. Zikishajazana, hujipenyeza katikati ya utando na kuutoboa. Fikiria mfuko wa nailoni uliojaa maji, mtu akauchoma sindano ishirini kwa mara moja.

Utando wa seli zetu hauna chaji hasi kubwa kwa nje, na una kolesteroli inayouimarisha, ndiyo maana peptidi hazituandami sana. Nasema “sana” kwa makusudi. Kipimo kikizidi, seli zetu nazo huumia.

Habari ya chura ni ya kweli?

Ni ya kweli. Daktari Michael Zasloff, aliyekuwa akifanya kazi kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani, alikuwa akiwapasua vyura wa maabara, aina ya Xenopus laevis wanaotoka kusini mwa Afrika. Akishawashona aliwarudisha kwenye tangi la maji yaliyojaa vijidudu. Vidonda vilipona bila kutunga usaha. Wengine waliona jambo hilo wakaendelea na kazi zao. Yeye alitaka kujua kwa nini. Mwaka 1987 alitangaza peptidi mbili kutoka kwenye ngozi ya vyura hao, akaziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Tafadhali, hii haina maana ya kukamata chura na kumsugua kwenye kidonda. Ngozi yake hubeba bakteria wengi, na vyura wengine wana sumu.

Basi dawa yenyewe iko wapi?

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wawe makini, maana habari za mtandaoni huishia kwenye ugunduzi. Magainini ilirekebishwa maabara ikawa krimu iitwayo peksiganani, kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari vilivyoingia bakteria. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuipitisha. Ikajaribiwa tena, na mwaka 2016 matokeo yakaonyesha kwamba waliopakwa hawakupona zaidi ya wenzao waliopakwa krimu isiyo na dawa, ilhali wote walipata huduma ya kawaida ya kidonda.

Ugumu uko kwenye kidonda chenyewe. Usaha umejaa vimeng’enya vinavyokatakata peptidi kabla hazijamaliza kazi. Chumvi ya mwilini hupunguza nguvu za baadhi yake. Ukizimeza, tumbo huzisaga kama linavyosaga nyama. Na kuziunganisha kiwandani, amino asidi moja baada ya nyingine, ni gharama kubwa. Utafiti unaendelea, lakini mtu akikuuzia leo “krimu ya peptidi ya kutibu majipu”, usimpe hela yako.

Hakuna hata moja inayopatikana?

Zipo za zamani, zilizotoka kwa bakteria wenyewe. Poda au marhamu ya vidonda yenye basitrasini na neomaisini unayoikuta famasi ina peptidi ndani yake: ni hiyo basitrasini. Ilipatikana New York miaka ya 1940 kwenye kidonda cha msichana aliyevunjika mguu. Jina lake la ukoo, Tracy, ndilo lililoingia kwenye jina la dawa. Ni ya kupaka tu, kwa sababu ikiingia kwenye damu huumiza figo, na wapo watu ambao ngozi yao huikataa ikawasha na kuvimba. Nyingine ni daptomaisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa maambukizi makali ya ngozi. Hiyo hutolewa kwa mshipa, hospitalini.

Asali je?

Swali hili nalipenda. Nyuki huweka ndani ya asali peptidi yao wenyewe, defensini ya nyuki, na watafiti waliipata kwenye asali ya tiba mwaka 2010. Ongeza sukari nyingi inayonyonya maji na tindikali yake, utaelewa kwa nini mabibi zetu waliitumia. Ila asali inayotumika hospitalini huwa imesafishwa kwa mionzi. Ya chupa ya barabarani inaweza kuwa na mbegu za bakteria hatari, kwa hiyo usiitie kwenye kidonda kirefu.

Bakteria hawatazizoea?

Wengine wameshaanza. Stafilokokasi, ambaye ndiye msababishi mkuu wa majipu, anaweza kubadilisha chaji ya utando wake ili peptidi zisinate. Na kolistini, peptidi ambayo madaktari huiweka akiba kwa wagonjwa mahututi, ilitumika kwa wingi kwenye mifugo. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni la usugu dhidi yake linaloweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ile kapsuli iliyofunguliwa juu ya jipu inafanya kazi hiyohiyo: inawazoesha bakteria dawa kidogokidogo bila kuwafikia walioko ndani.

Mwanangu ana pumu ya ngozi na kila mara anatoka vidonda. Kwa nini?

Utafiti wa mwaka 2002 ulilinganisha ngozi ya wenye pumu ya ngozi na ya wenye soriasi, ugonjwa mwingine wa ngozi. Wote ngozi zao zimevimba na kupasuka, lakini wenye pumu ya ngozi walikuwa na LL-37 na defensini kidogo zaidi, na ndio wanaoshambuliwa sana na stafilokokasi. Kosa si lako, mama, wala mtoto si mchafu. Mwogeshe kwa sabuni isiyo kali, mpake mafuta mazito ngozi ingali na unyevu, kata kucha zake ziwe fupi. Na usimpake mkorogo wala krimu yenye steroidi uliyoambiwa na jirani: hufanya ngozi kuwa nyembamba na kupunguza ulinzi wake. Steroidi aliyoandikiwa na daktari itumie kama alivyoelekeza.

Jipu likitoka leo nifanye nini?

Kandamiza kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku. Usilikamue, hasa la puani au karibu na jicho. Likiwa kubwa, tiba yake ni kupasuliwa na mhudumu wa afya. Mtoto yule tulimwosha ule unga, tukalipiga ganzi, tukapasua. Usaha ulipotoka tu, kilio kikakatika, akalala begani kwa kaka yake.

Usisubiri ikiwa wekundu au uvimbe unatambaa, kuna homa, mgonjwa ni mtoto mchanga au ana kisukari. Na mtoto mwenye upele uliotunga usaha, akiamka uso umevimba au mkojo una rangi ya chai katika wiki zinazofuata, mpeleke akapimwe figo siku hiyohiyo, hata kama ngozi imeshakauka.