Kabla umfute keshia, angalia saa za mashine

Juzi niliitwa duka moja la jumla hapa Kisumu, nikapata mwenye duka amekasirika na keshia analia. Risiti ya kurudishia mteja pesa ilitoka saa 8:12 mchana, lakini ukiangalia video ya saa 8:12 hakuna mtu kwa kaunta, so mdosi akaona msichana ametia hizo pesa mfukoni. Nikaweka simu yangu kando ya skrini: DVR ya kamera (ile mashine inarekodi video) iko mbele dakika 9, kompyuta ya kaunta iko nyuma dakika 2. Tukafungua video ya saa 8:23, na mteja ndiyo huyo, anarudisha jiko la gesi.

Hiyo kitu inaniuma sana, kwa sababu mtu angepoteza kazi bure.

Saa ya mashine inahesabu mitetemo ya kipande cha kwatzi (aina ya jiwe), mara 32,768 kwa sekunde, na hakuna kipande kiko sawa kabisa na kingine, joto pia linakibadilisha. Ikikosea sehemu 20 tu kwa milioni, hiyo ni karibu sekunde 2 kwa siku, kwa mwaka dakika 10. DVR yao haijaguswa tangu ifungwe.

Dawa ni NTP, njia ya vifaa kurekebisha saa kupitia mtandao, mtaalamu wa kompyuta David Mills aliitengeneza miaka ya 80 na bado ndiyo tunatumia. Kifaa kinauliza seva (kompyuta ya mtandao yenye saa sahihi) ni saa ngapi, kinaandika saa kimetuma na saa jibu limefika, seva nayo inaandika saa imepokea na saa imejibu, basi kwa hizo nne kinajua barabarani jibu limechukua muda gani na chenyewe kimepotea kiasi gani. Shida ni kwamba kinachukulia kwenda na kurudi ni muda sawa, na intaneti yetu ya simu haiko hivyo kila wakati.

Ndiyo maana sikuacha kila kifaa kijitafutie. Niliweka chrony, programu ya NTP, kwa kompyuta moja ya ofisi, inauliza seva 4 za nje (ukiuliza 2 na zikatofautiana utaamini gani?), halafu kamera, kaunta na rauta zote zinauliza hiyo kompyuta kupitia poti 123, mlango wa NTP. Intaneti ikipotea bado zinaenda pamoja. Na usisahau kuseti UTC+3 kwa kila kifaa, maana NTP inaleta UTC, saa ya dunia nzima, haikuletei masaa ya Kenya.

Kaunta ya pili nilibadilisha pia ile betri ya duara, CR2032, maana kila stima ikipotea ilikuwa inasahau hata mwaka.