Tunajuaje Shakespeare alisoma vitabu gani, ilhali wosia wake hautaji hata kimoja?

William Shakespeare alifariki Aprili 1616 mjini Stratford-upon-Avon, akaacha wosia wa kurasa tatu, kila ukurasa ukiwa na saini yake. Humo mnatajwa nyumba, ardhi, upanga, bakuli la fedha lililopakwa dhahabu, na kile kitanda cha pili kwa ubora alichoachiwa mkewe Anne. Kitabu hakitajwi hata kimoja.

Kutokana na ukimya huo, watu wengi wamefikia mojawapo ya hitimisho mbili. Wapo wanaosema huyu alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, kila hadithi aliitoa kichwani mwake, vitabu vya nini? Wengine wanageuza hoja: mtu asiyekuwa na vitabu hawezi kuandika tamthilia kama hizi, basi lazima aliziandika mtu mwingine. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, yaani zinausoma wosia kana kwamba ni orodha ya mali.

Enzi hizo Uingereza, wosia ulitaja vitu ambavyo mwenye mali alitaka vimfikie mtu fulani. Vyombo vya ndani viliorodheshwa kwenye hati nyingine, na hati hiyo kwa Shakespeare haikusalimika. Wosia wenyewe unasema mali yote iliyobaki, pamoja na vitu vya nyumbani, iende kwa binti yake Susanna na mumewe, tabibu John Hall. Vitabu, kama vilikuwemo, vilipita humo bila kutajwa. Hall naye alipokuwa akifa mwaka 1635 alitoa wosia wa mdomo uliotaja vitabu vyake vya kusomea, ingawa haukueleza alivipata wapi. Tena Shakespeare hakulazimika kumiliki kila alichosoma. Richard Field, kijana wa Stratford kama yeye, alikuwa mpiga chapa London. Ndiye aliyechapa shairi lake refu la kwanza mwaka 1593, na miaka miwili baadaye akachapa upya kitabu kikubwa cha maisha ya Wagiriki na Warumi ambacho tutakirudia hivi punde.

Na hilo la kutoa kila kitu kichwani? Tamthilia zake ambazo kisa chake kikuu hakijaonekana katika maandiko yaliyotangulia ni chache mno. Romeo na Juliet walikwisha kufa pamoja katika shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562. Shakespeare alichofanya ni kumpunguzia Juliet umri, kutoka miaka 16 hadi chini kidogo ya 14, na kubana mapenzi ya miezi mingi yakaisha ndani ya siku chache. Mfalme Lear naye alikuwa na tamthilia yake ya zamani, iliyochapwa mwaka 1605, ambamo mzee anarudishiwa kiti chake na Cordelia yu hai. Watazamaji wa London walioijua ile ya kwanza waliingia wakitarajia nafuu, wakamwona baba akiingia na maiti ya binti mikononi. Hapo ndipo ubunifu wake ulipo, na kwangu mimi ni mkubwa kuliko kuzua kisa kipya.

Sasa, tunawezaje kusema kwa uhakika kwamba alisoma kitabu hiki na si kile? Kinachofaa kuliko vyote ni makosa. Mfikirie mwalimu anayesahihisha mitihani. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi, halimwambii lolote, maana kila mmoja angeweza kulifikia kivyake. Lakini wote wawili wakiandika jibu lilelile lisilo sahihi, tena la ajabu, mwalimu anajua kwamba mmoja alimwangalizia mwenzake. Kosa lina mwenyewe, ukweli ni wa wote.

Katika tamthilia ya Henry V, Askofu Mkuu wa Canterbury anatoa hotuba ndefu kuthibitisha kwamba mfalme ana haki ya kutawala Ufaransa. Anasema mfalme Pharamond alikufa mwaka 426, Charlemagne akaweka Wafaransa ng'ambo ya mto Sala mwaka 805, na kati ya matukio hayo ilipita miaka 421. Toa mwenyewe: 805 ukiondoa 426 unapata 379. Hesabu hiyo mbovu, pamoja na tarehe zake, imo katika kitabu cha historia cha Raphael Holinshed, ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 1587. Hotuba hiyohiyo inamtaja mfalme Louis wa kumi. Mwanahistoria aliyemtangulia Holinshed, Edward Hall, alikuwa ameandika wa tisa, na ndiyo sahihi. Holinshed aliteleza, na Shakespeare akateleza naye palepale.

Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, ina alama za namna hiyo pia. Antony anapowasomea Warumi wosia wa Kaizari, anasema kila raia ameachiwa drakma 75, na kwamba bustani zake za upande huu wa mto Tiber sasa ni za umma. Drakma ni fedha ya Wagiriki. Imeingia kwa sababu aliyesimulia kisa ni Plutarch, Mgiriki. Na Plutarch aliandika kwamba bustani zilikuwa ng'ambo ya mto. Mfaransa Jacques Amyot, alipomfasiri Plutarch mwaka 1559, akazihamishia upande huu. Thomas North akamfasiri Amyot kwa Kiingereza mwaka 1579 bila kurudi kwenye Kigiriki, na hicho ndicho kitabu alichokichapa upya Field. Bustani zikafika jukwaani London zikiwa ukingo usio wake.

Lakini Shakespeare hakuwa mnakili. North anaeleza jahazi la Cleopatra: tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya dhahabu, matanga ya zambarau, makasia ya fedha yanayopigwa kwa mwendo wa filimbi. Vyote vimo katika Antony and Cleopatra, karibu kwa maneno yaleyale. Shakespeare aliongeza kwamba matanga yalinukia hadi pepo zikaugua mapenzi, na maji yaliyopigwa na makasia yakayafuata kwa haraka, kana kwamba yamependa kupigwa.

Kulinganisha huku kunawezekana kwa sababu waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walikusanya tamthilia 36 zikachapwa pamoja mwaka 1623. Nusu yake hazikuwa zimewahi kuchapwa, zikiwemo hizi mbili za Kirumi.

Penye ushahidi mwembamba ni kwenye vitabu vyenyewe. Mara kadhaa vimetokea vilivyoandikwa jina lake, na tahadhari inahitajika, kwani miaka ya 1790 kijana William Henry Ireland alighushi nyaraka chungu nzima za Shakespeare, hata tamthilia nzima iliyoigizwa katika ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1796. Maktaba ya Uingereza inayo nakala ya insha za Montaigne, mwandishi Mfaransa, katika tafsiri ya Kiingereza ya John Florio ya mwaka 1603, yenye saini ambayo wataalamu wengi hawaiamini. Kwamba aliisoma tafsiri hiyo, hilo halitegemei saini. Katika tamthilia ya The Tempest mzee Gonzalo anaiota nchi isiyo na biashara, isiyo na hakimu, isiyo na tajiri wala maskini, na maneno anayotumia ni ya Florio, kutoka insha ya Montaigne juu ya watu wa Brazil.