Haidrojeli zenye antioksidanti na vidonda sugu: maswali na majibu

Haidrojeli ni kitu gani hasa?

Chana nepi ya mtoto iliyolowa. Zile punje laini zinazoteleza, zilizofyonza mkojo na haziuachii hata ukizibana, ni haidrojeli: wavu wa nyuzi ndefu za polima (molekuli zilizoungana kama mnyororo) ulioshika maji. Mwaka 1960 wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Czechoslovakia walichapisha habari za haidrojeli iliyokuja kuzaa lenzi laini za macho. Miaka 2 baadaye mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili kwa kasi kuliko kilichoachwa kikauke. Kwa hiyo ule ushauri wa "kiache kipate hewa" haufai.

Antioksidanti inaingiaje hapo?

Ukijeruhiwa, chembe nyeupe za damu hutoa molekuli kali za oksijeni, kama superoksidi na haidrojeni peroksidi, ziue vijidudu. Zikiwa chache ni msaada. Kwa mgonjwa wa kisukari, uvimbe hauishi, molekuli hizo zinamiminika wiki baada ya wiki, na zinaunguza seli zilezile zinazojenga kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) na mishipa midogo. Kidonda kinakwama. Antioksidanti ni kemikali inayozituliza molekuli hizo. Jeli yenye antioksidanti hukaa palepale ikizizima.

Huwekwa nini ndani yake?

Asidi ya taniki, polidopamini (inayonata kwenye nyama mbichi kama gundi ambayo kome, chaza wa baharini, hujishikizia mwambani), kurkumini ya manjano, chembe ndogo sana za seriamu oksidi, au kimeng'enya cha katalesi. Huyu wa mwisho umeshamwona kazini: ukimwagia kidonda ile dawa ya haidrojeni, povu jeupe linaloinuka ni katalesi ya damu na nyama yako ikipasua peroksidi kuwa maji na oksijeni. (Ndiyo maana kuosha kidonda sugu kwa dawa hiyo kila siku ni kukiongezea moto.)

Mbona bado hazijajaa hospitalini?

Kwa sababu nyingi hufaulu maabara tu. Vitamini C huharibika upesi ndani ya maji na kugeuka hudhurungi. Kurkumini haiyeyuki kwenye maji, inajikusanya vipunje. Nyingine hutoka zote saa za mwanzo, zikabaki jeli tupu. Dawa yake ni kuifunga antioksidanti kwenye nyuzi zenyewe za polima. Ukizima kupita kiasi nako unawanyang'anya askari wa mwili silaha. Tena majaribio mengi hufanyika kwa panya, ambaye kidonda chake hufunga zaidi kwa ngozi kujivuta. Cha binadamu hujazwa nyama mpya kwanza.

Basi jeli za dukani zina faida gani?

Nyingi ni maji na kitu cha kuyafanya mazito. Zinafanya kazi kwa unyevu, na hulainisha nyama iliyokufa itoke. Osha kidonda kwa maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa). Kausha ngozi ya pembeni. Weka jeli unene wa milimita 5 hivi ndani ya shimo, isivuke ukingo, kisha funika. Badilisha kila baada ya siku 1 hadi 3, kadiri maelekezo ya pakiti yanavyosema. Ukingo ukiwa mweupe na umekunyata kama vidole vilivyokaa majini, unyevu umezidi: punguza jeli. Kidonda kinachovuja sana hakiitaki kabisa. Kinataka bandeji ya kufyonza. Na kidonda cha wayo hakifungi kwa jeli yoyote ikiwa bado unakikanyagia.

Je, mshubiri wa uani?

Hapana. Jani la uani lina vijidudu, na yale maji ya manjano chini ya ganda huwasha.

Kidole cha mguu kimekuwa cheusi na kikavu. Nipake jeli kilainike?

Usipake. Mara nyingi damu haifiki hapo, na ule ukavu ndio unaozuia vijidudu kuingia. Ukikilowesha kinaweza kuoza na maambukizi yakapanda mguuni. Kiache kikavu, kifunike kwa shashi safi, nenda hospitali leo wapime mapigo ya damu mguuni. Ukiona usaha, harufu mbaya, homa au wekundu unaopanda, usisubiri hata kesho.