Al Capone alikuta duka liko wazi

Wengi huamini kwamba Al Capone, jambazi maarufu wa Marekani, alitua Chicago mikono mitupu, akajijengea himaya ya pombe ya magendo kwa bunduki. Kumbe alipofika, duka lilikuwa wazi zamani. Bwana wa madanguro na kamari kusini mwa mji alikuwa Jim Colosimo, na msimamizi wake Johnny Torrio, aliyemjua Capone tangu Brooklyn, New York. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilianza Januari 17, 1920, siku Capone alipotimiza miaka 21. Mei mwaka huohuo Colosimo akapigwa risasi akafa mgahawani kwake, Torrio akashika usukani. Huyo Torrio ndiye aliyetafuta viwanda vya bia, akayagawia magenge maeneo ya kuuzia, akawahonga polisi na wanasiasa. Capone alianzia mlangoni mwa danguro. Januari 1925 Torrio naye alimiminiwa risasi nje ya nyumba yake. Alinusurika, lakini hamu ya kazi ilimwisha, akamwachia kila kitu Capone, kijana wa miaka 26.

Wengine humwita bosi wa Mafia ya Sicilia. Wazazi wake walitoka upande wa Naples, si Sicilia, mkewe Mae alikuwa na asili ya Ireland, na mshika fedha wake, Jake Guzik, alikuwa Myahudi. Hawakuulizana kabila.

Yale makovu ya shavuni alidai aliyapata vitani Ufaransa. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja! Alichanjwa kisu kwenye baa huko Coney Island, New York, baada ya kumtolea msichana maneno ya hovyo mbele ya kaka yake.

Dhana nyingine ni kwamba kunywa kulikuwa kosa. Kilichokatazwa ni kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Aliyejiwekea chupa zake nyumbani kabla ya marufuku alizinywa kwa raha zake.

Na aliyemwangusha? Sifa hupewa Eliot Ness, ofisa wa serikali aliyevunja mapipa ya pombe ya magendo. Lakini mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa hata pato haramu hutozwa kodi, ndipo Frank Wilson na wenzake wa idara ya mapato wakakaa na madaftari ya kamari, mstari kwa mstari. Kwa mauaji ya watu saba wa genge pinzani huko Chicago, Februari 14, 1929, ambayo Capone alishukiwa kuyaagiza, hakuna aliyetiwa hatiani. Kwa kodi, Oktoba 1931, Capone alipata miaka 11. Ubosi wake haukufika hata miaka saba.