Diski husingiziwa: seva ya nyumbani ikigoma, anzia kwenye waya

Simu karibu zote huanza hivi: "Fundi, diski imekufa." Sijawahi kupigiwa na mtu akaniambia anahisi waya wa mtandao umechoka. Nikifika, mara nyingi diski ni nzima kabisa na mkosaji ni kitu cha bei ya sahani ya chipsi mayai.

Chukua kisa cha mpiga picha za harusi mmoja hapa Dar. Ana seva (kompyuta ya kuhifadhia faili) ya diski nne chini ya meza, kazi zake zote ziko humo. Akalalamika kwamba inakokota: harusi moja, GB 200 hivi, anaianzisha usiku na inamaliza karibu na alfajiri. Alishanunua diski mpya kabla hata hajanipigia. Nikamwomba anakili faili moja kubwa nikiwa naangalia. Ikapanda mpaka MB 11 kwa sekunde, ikaganda hapohapo.

Namba hiyo inajieleza yenyewe. Diski mbovu haisomi kwa mwendo ulionyooka. Inakwama, inaruka, inakwama tena. Mwendo unaoganda kwenye MB 11 au 12 ni wa mtandao uliounganishwa kwa megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000 (MB moja ni megabiti nane). Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne. Megabiti 1,000 zinahitaji jozi zote nne. Megabiti 100 zinatosheka na mbili. Uzi mmoja ukikatika, mara nyingi vifaa viwili vinakubaliana kimyakimya kushuka mpaka 100. Taa inaendelea kuwaka, hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kwenye seva ya Linux andika `ethtool eth0` (jina la mwisho linaweza kuwa tofauti kwako) usome mstari wa Speed. Wake ulisema 100. Waya ulipita chini ya mlango, na mlango ulikuwa umeutafuna miezi kadhaa. Tulipoweka mpya, mwendo ukafika MB 110, na harusi ileile ikahama kwa nusu saa.

Malalamiko ya pili kwa wingi ni diski inayopotea kisha kurudi. Hapa usibishane na hisia, soma ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski inajiwekea kuhusu afya yake: `smartctl -a /dev/sda` (sda ni jina ambalo seva imeipa diski). Ni ndefu, ila kwanza mimi huangalia mistari minne tu: 5, 197, 198 na 199. Huo wa 199 unahesabu makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na bodi, kwa hiyo mshukiwa ni kebo ya SATA au tundu lake. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo. Iandike pembeni, badilisha kebo, nakili faili kubwa, halafu soma tena. Kama haijaongezeka, umemaliza kazi.

Mistari ya 5, 197 na 198 ni habari nyingine. Hiyo ni diski yenyewe inakiri kwamba sehemu zake zimeharibika au hazisomeki. Namba ndogo kwenye 5 iliyokaa vilevile mwaka mzima naivumilia. Ikipanda wiki hadi wiki, agiza nyingine leo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoteza picha za watoto. Kwenye RAID 5, mpangilio wa diski kadhaa unaovumilia kufa kwa moja tu, diski moja ikifa seva inaendelea na kazi. Mtu anafungua boksi, anabahatisha, anachomoa iliyo nzima, na hifadhi nzima inasimama. Usiamini majina kama sda na sdb, yanaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. Tumia namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye lebo ya diski. Mimi huandika herufi zake nne za mwisho kwenye kipande cha gundi ya karatasi na kukibandika mbele ya kila tundu, siku ya kwanza, kabla hakujaharibika kitu. Na ukichomeka diski ya seva kwenye kompyuta ya Windows, itadai haijaandaliwa na itakuomba ruhusa ya kuiformati. Kataa. Haiwezi kusoma mpangilio wa seva, ndiyo maana inaiona tupu.

Seva ikiwa "haionekani" baada ya umeme kukatika na kurudi, kwa kawaida rauta imeipa anwani mpya ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) na kompyuta yako inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Ingia kwenye rauta, itengee seva anwani moja ya kudumu. Dakika tano.

Kama ni televisheni ya zamani tu ndiyo haiioni, huenda inajua SMB1 peke yake, ile njia ya zamani ya kushirikiana faili kwenye mtandao. Usiiwashe SMB1 kwa ajili ya tamthilia. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga faili za watu na kudai fidia, kilisambaa kupitia udhaifu wa humohumo. Rusha video kwa DLNA, njia nyingine ya kupeleka video kwenye televisheni kupitia mtandao wa nyumbani.

Kuhusu umeme, nakuta UPS (boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika) nzuri zilizochomekwa nusu: waya wa umeme upo, waya wa USB wa kwenda kwenye seva bado uko kwenye nailoni yake. Bila huo, betri ikiisha seva inazimika ghafla kama vile UPS haikuwepo. Uchomeke, uiagize seva ijizime baada ya dakika tano hivi. Kisha chomoa UPS ukutani siku ambayo hakuna anayenakili kitu, uone kama inatii. Joto la pwani linakula betri, nimekuta UPS zinazolia mlio mmoja na kufa.

Ile diski mpya ya mpiga picha haikurudishwa dukani. Tuliijaza nakala ya harusi zake zote, akaipeleka kwa shemeji yake Kigamboni, na kila mwisho wa mwezi anaifuata na kivuko kuijazia kazi mpya.