Mbegu ya mtapo si punje ya mahindi

Juzi jirani yangu, mzee wa makamo, aliniletea kitaluni mfuko mzima wa mbegu za mtapo, ule mmea wenye makuti kama ya mnazi. "Nimezianika juani wiki tatu, mwanangu. Zimekauka sawasawa." Nikaitikisa moja sikioni. Ikalia kama kayamba. Sikuwa na namna nzuri ya kumwambia kwamba zote zimekufa.

Kosa lake ni la wengi. Tumezoea mahindi na kunde: anika, tia majivu, funga. Mtapo hautaki hivyo. Mbegu yake haivumilii kukauka, na friza huiua vilevile. Ichukulie kama nazi ya kupanda, ambayo huiweka kivulini pembeni mwa ua na kuisubiri. (Ila mtapo si jamaa ya mnazi, hata ukifanana nao kwa makuti. Hautoi maua kabisa.)

Nazungumzia hasa Encephalartos hildebrandtii, mtapo wa pwani yetu, uliopewa jina la Mjerumani Johann Maria Hildebrandt. Kuna mti dume na mti jike, na chavua hubebwa na fukusi. Hapa ndipo penye hadaa: jike asiyepata chavua bado hujaza koni (lile kama gunzi kubwa la magamba) mbegu kubwa, nono, zisizo na kiini, yaani kimche kichanga cha ndani. Kwa hiyo kabla ya kuokota, mimi huuliza kama kuna dume karibu lililotoa koni wakati mmoja. Kama halipo, najiokolea kazi.

Sichumi. Nangoja koni ilegee na kuachia mbegu yenyewe. Kisha naziloweka kwenye karai siku mbili tatu, nikibadilisha maji, hadi nyama ya nje ilainike, niikwangue. Nyama hiyo huzuia mbegu kuota, na ina sumu, kwa hivyo glavu mkononi, na mbuzi na watoto mbali. Zikishakuwa safi nazitupa majini: inayoelea kwa kawaida ni tupu. Lakini usiipime hivyo mbegu ya mtapo wa ufukweni, Cycas thouarsii. Hiyo ina tishu kama sponji ndani na huelea ikiwa hai. Ndivyo inavyosafiri baharini.

Zilizozama nazikausha kivulini, maji ya juu tu yaondoke, kisha nazifukia kwenye vumbi la makumbi lenye unyevu kidogo, ndani ya kasha lenye matundu. Ukiliminya vumbi likatoa tone, limezidi maji, na kwa joto la Mombasa ukungu hauchelewi. Humo hukaa kama miezi sita. Si uvivu wangu: koni inapopasuka, kiini ndani ya mbegu bado ni kichanga, na hukomaa humo humo kashani. Kila mwezi nazikagua, na moja naipasua nione kiini kimefika wapi.

Mbegu zangu hutoka bustanini, si msituni. Jenasi yote ya Encephalartos imo katika Kiambatisho cha kwanza, orodha kali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mitapo ya Shimba Hills iachwe ilivyo.

Kupanda ni rahisi: mchanga wa mto, mbegu ilale ubavu, nusu yake nje. Mzizi hutangulia na kuchimba chini sana kabla ya jani kuonekana, kwa hiyo chagua mfuko mrefu. Yule mzee nimempa mbegu tano kutoka kashani. Amezipanda kwenye kopo la rangi, na kila Ijumaa hunipigia kuuliza mbona hazioti.